Miezi minane na wakala wa ajira: tathmini ya mwenye karakana ya sare za shule

Agosti mwaka jana nilikwenda kwenye ofisi ya wakala binafsi wa ajira hapa Dar es Salaam nikitafuta watu watatu: mkataji wa vitambaa, mtunza hesabu na msimamizi wa karakana. Kazi zote tatu nilikuwa nikizifanya mwenyewe. Nimekaa na huduma yao kwa miezi minane, nimelipa ada yote, nimegombana nao mara moja tukapatana, na kwa kuwa wenzangu wengi wenye biashara zinazokua huniuliza kama fedha ile ilikuwa na maana, nimeona niandike yote mahali pamoja. Jina la wakala sitalitaja, kwa sababu sehemu ya lawama, kama itakavyoonekana, ni yangu.

Karakana yangu ipo Temeke. Ilianza mwaka 2016 kwa cherehani moja barazani, na leo ina cherehani 11, mashine mbili za ovaloki, za kuzibia kingo za kitambaa, na watu 14. Tunashona mashati meupe, kaptura za khaki na sketi za marinda. Aliyewahi kufanya biashara ya sare anajua kwamba mwaka mzima ni maandalizi ya wiki chache: shule hufunguliwa Januari, na mzazi ambaye amekuwa na Novemba na Desemba nzima huja dukani Jumamosi ya mwisho akiwa na watoto watatu. Msimu uliotangulia nililala karakanani siku tisa, juu ya meza ya kukatia. Shule moja ilipokea mashati ya saizi 28 yenye lebo za saizi 32, na lebo hizo nilizibandika mimi mwenyewe saa nane za usiku, macho yakiwa yamefumba nusu. Mafundi walikuwepo, vitambaa vilikuwepo na fedha ilikuwepo. Hakukuwa na mtu mwingine hata mmoja ndani ya jengo lile aliyekuwa na ruhusa ya kuamua jambo.

Kabla ya hapo niliajiri kama wengi wetu tunavyoajiri, yaani kwa kumwambia mtu anitafutie kijana mwaminifu. Kwa mafundi wa kushona njia hiyo haijawahi kunitupa, maana fundi huleta fundi mwenzake anayemjua mkono wake, na akikuletea mbovu anaona haya. Kwa kazi ya fedha iliniangusha. Nilimweka mtoto wa shemeji yangu, kijana mwenye adabu na asiye na mkono mrefu, ila hakuwa mtu wa kuandika. Ulipofika mwisho wa mwezi tulikuwa tunakumbushana mauzo kwa kuulizana ile siku ya mvua alikuja nani. Kumwachisha kazi kulinigharimu vikao viwili vya familia.

Masharti ya wakala yalikuwa wazi, na hilo nawapa alama kamili. Ada yao ni mshahara wa mwezi mmoja wa kila mtu anayepatikana, nusu ikilipwa siku ya kutia saini na nusu siku mtu anaporipoti kazini. Kwa mishahara tuliyokubaliana, shilingi 650,000 kwa msimamizi, 500,000 kwa mtunza hesabu na 480,000 kwa mkataji, ada yote ilifika shilingi 1,630,000. Mtu akiondoka au akishindwa ndani ya miezi mitatu wanaleta mwingine bila malipo, na afisa wao hutembelea eneo la kazi siku ya 30 na siku ya 90. Nilipoomba kuona leseni yao kutoka kwa Kamishna wa Kazi waliitoa papo hapo, na nilipouliza kama wanamtoza mtafuta kazi chochote walisema hapana. Nawashauri wenzangu waulize swali hilo kila mara: kanuni za mwaka 2014 zinazosimamia mawakala binafsi zinakataza kumtoza anayetafuta kazi, lakini mmoja wa dada waliokuja kwangu kusailiwa alinisimulia kwamba mahali pengine aliwahi kudaiwa "hela ya fomu" kabla hata hajaulizwa jina.

Jambo bora kuliko yote katika huduma hii lilifanyika kabla hawajaniletea mtu yeyote. Afisa aliyepewa jalada langu, msichana ambaye nilimkadiria kuwa na umri wa binti yangu wa kwanza, alikataa kupokea orodha yangu ya sifa. Nilikuwa nimeandika kwamba nataka mtu mwaminifu, mchapakazi na mwenye kujituma. Aliisoma, akairudisha kwa mikono miwili, akaniomba niende nikaandike kwa siku saba kila jambo ninalolifanya karakanani, dogo kwa kubwa, pamoja na saa. Nilikasirika kidogo, kwa kuwa nilidhani nalipa ili nipunguziwe kazi. Hata hivyo nilinunua daftari la kurasa 40 nikaanza.

Siku ya saba daftari lilikuwa na mambo 112. Nilikuwa nimekwenda Kariakoo mara tatu kununua jora za kitambaa, na mara moja kwa ajili ya vifungo tu. Nilikuwa nimefungua stoo mara 26, kwa sababu ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu na kila aliyeishiwa uzi alinisubiri. Nilikuwa nimejibu simu za walimu wakuu na kupima watoto kwenye shule mbili, na kila jioni nilikuwa nimelinganisha ujumbe wa Lipa Namba kwenye simu yangu na vipande vya risiti. Afisa alichukua kalamu nyekundu tukapitia daftari pamoja, na kwa kila jambo akauliza maswali yaleyale mawili: mtu mwingine akifanya hili vibaya, hasara yake ni kiasi gani, na anaweza kulijifunza kwa maelezo ya ukurasa mmoja? Tulipofika kwenye stoo aliacha kalamu. "Mama, samahani," akaniambia, "ukiugua wiki mbili, nani mwingine anajua kitambaa cha shule ipi kipo kwenye rafu ipi?" Nilitaka kumjibu kwamba siugui ovyo. Sikuwa na jibu jingine.

Kutoka kwenye daftari lile ndipo maelezo ya kazi za watu watatu yalipoandikwa, na yalikuwa tofauti kabisa na nilivyofikiria. Mtunza hesabu, ambaye mimi nilimwona kama mtu wa kuandika mauzo, alipewa pia ununuzi wa vifaa vidogo na kudai madeni ya shule. Msimamizi alipewa stoo. Yapo mambo 19 yaliyobaki kwangu, mengi yakiwa ya bei, mikataba na shule, na kumwajiri au kumwachisha mtu. Kama ningelipa ile ada kwa ajili ya siku hizo saba peke yake, nisingedai chenji.

Mtunza hesabu alipatikana ndani ya siku 12. Ni mwenye stashahada ya uhasibu, mtulivu, na wiki yake ya pili alinionyesha kwamba shule mbili zilikuwa zikinidai marekebisho ya sare ambazo zilikuwa bado hazijanilipa. Mali bila daftari hupotea bila habari, nasi tulikuwa na madaftari manne yasiyozungumza lugha moja. Ameyafanya kuwa moja. Sina la kuongeza juu yake.

Kwa mkataji, huduma ilikuwa dhaifu, na hapa nitachukua nafasi. Katika karakana inayoshona kwa wingi, mkataji ndiye anayeshika faida mkononi, kwa maana fundi akikosea anaharibu shati moja, na mkataji akikosea anaharibu tabaka zote zilizo chini ya mashine yake. Wakala alituma wasifu wa watu saba. Wanne walikuwa watu wa ofisini ambao neno "mavazi" lilikuwa limeonekana mahali fulani kwenye vyeti vyao. Aliyechaguliwa alikuwa na uzoefu wa miaka mitano wa kukata magauni ya vitenge, akazungumza vizuri, nami nikiwa nimechoka nikamkubali bila kumjaribu mezani. Siku yake ya nane alipanga tabaka 40 za khaki, zote uso juu, akaweka karatasi yenye umbo la mguu wa mbele mara moja tu kwa kila saizi, akakata. Mtu aliyezoea kukunja kitambaa katikati hupata mguu wa kulia na wa kushoto kwa pamoja bila kufikiri. Kitambaa kikitandazwa tabaka juu ya tabaka bila kukunjwa, lazima uiweke karatasi mara mbili, ya pili ikiwa imegeuzwa. Kila saizi ilitupa vipande 40 vya mguu wa mbele, vyote vya kulia. Fundi wa kwanza aliyeletewa alijaribu kuunganisha, akatazama, akageuza, akatazama tena, kisha akaangua kicheko ambacho kilizunguka cherehani zote 11. Yule kijana hakurudi baada ya wiki hiyo. Siwezi kumlaumu yeye peke yake, kwa kuwa karatasi zangu hazikuwa na maandishi yoyote. Maelezo yote yalikuwa kichwani mwangu.

Nilidai dhamana. Mkataba ulisema mbadala angeletwa ndani ya wiki mbili. Zilipita sita, tukawa tumeingia Desemba. Hapo ndipo tulipogombana. Nilikwenda ofisini kwao nikaomba kuona majalada ya wote waliowakataa kwa nafasi yangu, na baada ya kusitasita wakanipa. Ndani yake nilimkuta mzee mmoja aliyekata nguo kwa miaka 12 katika kiwanda kikubwa, akiwa ameandikiwa kwamba hakufaulu usaili kwa sababu ya "mawasiliano". Kumbe usaili wao wa awali hufanyika kwa Kiingereza, kwa kila nafasi, hata ya mtu ambaye kutwa nzima atazungumza na khaki. Nilipouliza sababu, niliambiwa ndiyo fomu iliyopo.

Nilimwita aje karakanani. Safari hii sikumuuliza maswali. Nilimpa jora na kazi. Alichukua ncha ya kitambaa akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaivuta kwa urefu, kisha kwa upana. "Mama, hiki kimeshalowekwa?" Nikamwambia hatuloweki. Alikata kipande cha ukubwa wa kiganja, akakizungushia chaki juu ya karatasi, akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji, akakikamua na kukipiga pasi hadi kikakauka, halafu akakirudisha ndani ya mstari wake wa chaki. Upande wa urefu kulikuwa na pengo la kutosha kuingiza ukucha. Alilitazama lile pengo bila kusema neno, nami nikawakumbuka wazazi wote waliorudi Machi kulalamika kwamba mtoto amerefuka ghafla. Alianza kazi kesho yake. Wakala aliomba ahesabiwe kuwa ndiye mbadala waliyenidai, nikakubali, maana kweli alitoka kwenye majalada yao.

Mkataba wa ajira wanaokupa kama mfano ni wa kusoma kwa makini. Kwa ujumla umeandikwa vizuri, unataja kazi, mahali, mshahara na saa, mambo ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mfanyakazi apewe kwa maandishi, na mimi kabla ya hapo nilikuwa na mikataba ya mdomo tu. Lakini kifungu kimoja kilisema mshahara "unajumuisha saa zote za ziada". Rafiki yangu ambaye ni wakili alikipigia mstari: saa za kawaida ni 45 kwa wiki, saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu, na saa za ziada haziruhusiwi kuzidi 50 katika wiki nne. Kwa biashara yenye Desemba kama yangu, kifungu kile kingenipeleka Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi. Tulikiondoa. Vilevile hakuna aliyenikumbusha kwamba mshahara ninaouandika si gharama nzima ya mtu: mchango wa NSSF ni asilimia 20, na mwajiri hawezi kumkata mfanyakazi zaidi ya nusu yake, upo mchango wa mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, na ukifikisha wafanyakazi 10 unaingia pia kwenye tozo ya kuendeleza ufundi stadi. Haya nilielezwa na mtunza hesabu wangu, mtu ambaye tayari nilikuwa nimemwajiri. Wakala anayelipwa kwa kila kichwa anachokiingiza alipaswa kunieleza mapema.

Udhaifu mwingine ni ukaguzi wa wadhamini. Mmoja wa walioletwa kwa nafasi ya msimamizi alikuwa na mdhamini aliyeitwa "meneja wake wa zamani", nami nilipompigia kujiridhisha alipokea akasema, "Ehee, binamu amepata ile kazi?"

Msimamizi niliyempata hatimaye ni mwanamke aliyesimamia mistari ya ushonaji kiwandani kwa miaka sita. Mwezi wake wa kwanza ulikuwa mgumu, na sababu ilikuwa mimi. Siku ya 30 afisa alikuja kama ilivyoahidiwa. Alizungumza kwanza na msimamizi peke yake, kisha akaomba kiti, akakaa pembeni kwa saa moja bila kusema kitu. Baadaye alinisomea: katika saa ile watu tisa walinijia, na saba kati yao walimpita msimamizi akiwa amesimama mlangoni. Wote niliwajibu. Hakunilaumu, alipendekeza mambo matatu, nikayaandika. Msimamizi aweze kutumia hadi shilingi 50,000 bila kuniuliza, mradi risiti ifike kwa mtunza hesabu siku hiyohiyo. Meza yangu ihamie chumba cha mbele kinachotazama barabara. Na la tatu, ambalo nililiona la kitoto, nivue tepu ya kupimia shingoni, kwa sababu karakanani mwenye tepu ndiye anayeulizwa.

Ufunguo wa stoo niliukabidhi siku hiyo. Tepu niliivua wiki mbili baadaye, na ndiyo iliyoleta tofauti. Siku ya kwanza fundi mmoja alinifuata hadi chumba cha mbele na shati mkononi, akanitazama shingoni, akasita, akageuka. Niliumia kidogo, sitaficha. Katika ofisi ya wakala wanalo jina refu la jambo hili, kukasimu madaraka, na wana vipeperushi vyake vya rangi. Vipeperushi sikuvisoma, lakini ziara ile ya saa moja ilinifaa kuliko semina mbili nilizowahi kulipia.

Januari hii tulihudumia shule tisa. Haikwenda bila dosari: sweta za shule moja zilichelewa siku nne, na habari hiyo niliipata kwa msimamizi akiwa tayari amezungumza na mwalimu mkuu na kukubaliana naye punguzo. Punguzo lilikuwa kubwa kidogo kuliko ambalo ningetoa mimi. Nililiacha lisimame. Nililala nyumbani siku zote.

Kwa mwenye biashara anayesita, hesabu yangu ni hii. Kama unatafuta msimamizi, mtunza hesabu au mtu yeyote ambaye kosa lake litaonekana baada ya miezi, ada ya mshahara mmoja inalipa, hasa ukimpata afisa anayekudai daftari kabla ya kukuletea watu. Kama unatafuta fundi, usitupe fedha: mawakala wa aina hii hawajui kumpima mtu wa mkono, na malipo ya kwa kipande hawayaelewi kabisa, maana mkataba wao una nafasi ya mshahara wa mwezi tu. Mafundi wangu wawili wa mwisho walikuja kwanza kama wanachuo wa VETA, vyuo vya ufundi stadi, kwa mafunzo ya vitendo, nikawaona wakifanya kazi kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua. Pia ipo huduma ya ajira ya serikali, TaESA, inayounganisha waajiri na watafuta kazi, na kwa nafasi ya kijana aliyemaliza chuo karibuni ningeanzia huko kabla ya kulipa ada kwa mtu.

Juni nawarudia kwa ajili ya msimamizi wa duka la pili. Nimewaandikia masharti mawili kabla ya kulipa: usaili ufanyike kwa Kiswahili, na majalada ya waliokataliwa nipewe pamoja na ya waliopita. La kwanza wamelikubali, la pili wanasema bado wanalijadili.